Shaka inapomnyima mwandishi usingizi

Mwalimu mmoja wa shule ya upili hapa Nairobi alikuja kliniki akilalamikia tumbo. Alisema linamchoma usiku, hasa akiwa na njaa, na kwa siku mbili choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Nilipomuuliza anatumia dawa gani, alijibu kwamba humeza vidonge vya kutuliza maumivu ya kichwa, viwili jioni na viwili usiku wa manane, kila siku. Na kichwa kinauma kwa nini? Hapo alinyamaza, akautazama mlango kana kwamba kuna mtu anayesikiliza nje, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, ninaandika riwaya."

Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Choo cheusi kinachonata kama lami mara nyingi ni damu iliyotoka tumboni, na hilo si jambo la kungoja hadi kesho. (Vidonge vya madini ya chuma pia huweza kukifanya choo kiwe cheusi, lakini usijiamulie mwenyewe, mwache daktari aamue.) Alichunguzwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, kikaonekana kidonda.

Ndugu msomaji, watu wengi huamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Ukweli ni kwamba vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na vidonge vya maumivu vya aina ya aspirini na ibuprofeni. Mgonjwa wangu alikuwa na vyote viwili. Isitoshe, mtu akimeza vidonge hivyo siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, vidonge vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Basi mwalimu huyu alikuwa akimeza dawa ili kutuliza maumivu ambayo kwa sehemu yaliletwa na dawa hiyo hiyo.

Alitibiwa akapata nafuu. Lakini niliona kwamba tusipoizungumzia riwaya, atarudi kwangu na kidonda kingine. Nikamwomba aje siku nyingine, aketi, anieleze anavyoandika. Ameniruhusu kuyasimulia haya, mradi nisimtaje jina.

Alikuwa ameanza miaka 4 kabla, na alichokuwa nacho mkononi ni sura ya kwanza tu. Sura hiyo alikuwa ameiandika upya mara 19. Kila siku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi na watoto wake kulala, aliketi mezani saa nne usiku na kikombe cha kahawa nzito. Aliandika sentensi, akaisoma, akaifuta. "Daktari, nikiandika tu, namsikia mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili akiuliza hii takataka ni ya nani. Halafu nakumbuka Siku Njema ya Ken Walibora, najiuliza mimi ni nani hata nijaribu." Saa nane usiku alilala. Saa kumi na moja alfajiri aliamka kuwahi matatu. Alikuwa amekwisha kusinzia mbele ya darasa mara mbili, na mwalimu mkuu alikuwa amempa barua ya onyo. Mkewe alitaka madaftari yale yatupwe jikoni yawashie moto.

Watu wakisikia kisa kama hiki husema mtu huyo hana kipawa, aachane na kuandika. Mimi sikusema hivyo. Shaka aliyokuwa nayo haikuwa ugonjwa. Ni kazi ya kawaida ya akili, ile kazi ya kukagua. Kosa lilikuwa kwamba alimruhusu mkaguzi aingie jengoni kabla mawe ya msingi hayajapangwa, tena saa ambayo mwenye jengo amechoka.

Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Marekani, Charles Limb na Allen Braun, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wapiga piano 6 wa muziki wa jazi. Waliwapiga picha za ubongo wakati walipokuwa wakicheza muziki waliobuni papo hapo, wakalinganisha na picha za wakati walipocheza muziki waliokariri. Katika kubuni, sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kujikagua na kujidhibiti zilipunguza kazi. Watu 6 ni wachache, na piano si kalamu, kwa hiyo sitaki kusema hapa kwamba mambo yamekwisha kuthibitishwa. Lakini uchunguzi huo unaafikiana na yale ambayo waandishi wengi wamejionea: kubuni na kuhukumu ni kazi mbili, na zikifanywa pamoja moja huikaba nyingine.

Dawa niliyomwandikia haikuwa ya duka la dawa. Kwanza nilibadilisha saa. Alale saa tatu na nusu usiku, aamke saa kumi na nusu alfajiri, aandike kwa nusu saa kabla ya kujitayarisha kwenda kazini. Hizo ni saa 7 za usingizi, kiasi ambacho mtu mzima hapaswi kwenda chini yake. Alinung'unika. Nikamsimulia habari za Anthony Trollope wa Uingereza, aliyekuwa mfanyakazi wa posta hadi mwaka wa 1867. Alfajiri alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu, saa yake mbele yake, akijitaka maneno 250 kila robo saa, na alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe. Aliacha riwaya 47. Mwalimu akasema huyo alikuwa Mwingereza mwenye mtumishi. Sawa. Nikamtajia Margaret Ogola, daktari wa watoto wa hapa kwetu, mama mwenye familia, ambaye alitoa riwaya ya The River and the Source mwaka wa 1994, ikaja kusomwa na wanafunzi wa shule za upili nchini kote. Hapo hakuwa na la kujibu.

Pili, nilimpiga marufuku kusoma alichoandika jana, isipokuwa aya ya mwisho ili ajue aendelee kutoka wapi. Trollope mwenyewe alianza kwa kusoma kazi ya jana kwa nusu saa, lakini yeye alikuwa mzoefu. Mgonjwa wangu akisoma kurasa mbili anashika kalamu nyekundu, na asubuhi imekwisha. Aandike kwa kalamu ya wino, asifute. Sentensi mbaya ibaki ilivyo. Lengo ni ukurasa mmoja kwa siku, uwe mzuri au mbovu.

Tatu, na hili ndilo lililomsaidia kuliko yote, anunue daftari dogo la shaka. Sauti ya yule mwalimu wa kidato cha pili ikija, asibishane nayo. Aandike inachosema katika daftari dogo, kwa mstari mmoja, kisha arudi kwenye hadithi. Jumamosi alasiri, akiwa amelala vizuri na amekula, afungue daftari hilo na kulipitia. Alipofanya hivyo kwa majuma manne aligundua kwamba mistari mingi ilikuwa matusi tu, isiyomwambia la kurekebisha. Lakini michache ilikuwa na maana. Nyanya aliyezikwa katika sura ya pili alikuwa akiteka maji kisimani katika sura ya tano. Shaka ya namna hiyo ni rafiki wa mwandishi, na haifai kunyamazishwa kabisa. (Mimi mwenyewe nikiandika makala haya hufuta mwanzo mara tatu, nne. Daktari naye hunywa dawa yake kwa shida.)

Akikosa siku moja, asijaribu kuifidia kwa kukesha. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza tabia mpya, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ikawa mazoea, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo asiyezoea baada ya juma mbili asijihesabu mvivu.

Kuhusu kahawa, nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha saa nne usiku bado kinafanya kazi saa tisa. Nilimwambia asinywe kahawa baada ya chakula cha mchana. Pombe aliniuliza pia, kwa kuwa amesikia kwamba waandishi wakubwa walikunywa. Pombe humfanya mtu asinzie upesi, lakini huuvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na kesho yake shaka huwa kali zaidi. Kwa mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja, ni hatari.

Hata hivyo, kuna shaka ambayo ni ugonjwa. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi karibu kila siku huna furaha wala hamu ya jambo lolote, si kuandika tu, usingizi au hamu ya chakula imebadilika, unajiona mtu bure katika kila jambo, au unawaza kwamba ni heri kufa, hiyo si shaka ya mwandishi. Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa yote mawili. Mwenye mawazo ya kujiua asingoje miadi. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, tena asiende peke yake. Nilimpima mwalimu kwa maswali hayo na nikaridhika kwamba hana, ingawa nilimuuliza tena alipokuja mara ya pili.

Vidonge vya kichwa aliviacha chini ya uangalizi wangu. Siku chache za kwanza kichwa kilimuuma zaidi, kama kawaida, kisha maumivu yakapungua. Yaliyobaki yaliisha alipopata miwani, kwani macho yake yalikuwa hayajapimwa tangu chuoni. Majuma kadhaa baada ya kumaliza dawa alirudi kupimwa kama yule bakteria ametoweka, na matokeo yalikuwa mazuri. Alikuwa na madaftari mawili yaliyojaa na la tatu ameanza. Nikamuuliza kuhusu sura ya kwanza. Akasema bado ni mbaya, ataishughulikia Desemba shule zikifungwa.