Tangi la Chini la Hifadhi ya Matumbawe: Hesabu Mbili Kabla ya Kulipa

Ufugaji wa samaki wa bahari na matumbawe nyumbani hugharimu fedha nyingi, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye vifaa ambavyo mgeni sebuleni havioni. Miongoni mwa vifaa hivyo ni tangi la chini, ambalo mafundi huliita sampu. Tangi hilo huwekwa ndani ya kabati, chini ya tangi la maonyesho. Likipimwa vizuri, hurahisisha matunzo kwa miaka mingi. Likipimwa vibaya, kukatika kwa umeme mara moja tu kunaweza kumwaga makumi ya lita za maji ya chumvi sakafuni, karibu na soketi za umeme. Katika somo hili tunaeleza hesabu mbili ambazo kila mnunuzi anaweza kuzifanya mwenyewe kwa utepe wa kupimia, na jaribio moja analostahili kulidai kabla ya kukamilisha malipo.

Kazi ya tangi la chini

Maji ya tangi la juu hufurika kwenye kizingiti, yakashuka kwa bomba hadi tangi la chini. Huko hupita kwenye kitambaa cha kuchujia, kisha kwenye kichuja povu kinachoondoa uchafu ulioyeyuka, na hatimaye hufika chumba cha pampu inayoyarejesha juu. Faida zake ni tatu: kiasi cha maji huongezeka, hivyo joto na chumvi havibadiliki kwa ghafla, vifaa hufichwa, na kina cha maji ya tangi la juu hubaki palepale.

Maji yanayopotea kwa mvuke hupungua katika chumba cha pampu peke yake. Kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke, kinachoongezwa kila siku ni maji baridi safi yasiyo na chumvi.

Hesabu ya kwanza: umeme unapokatika

Pampu inaposimama, maji yaliyo juu ya kizingiti huendelea kushuka. Zaidi ya hayo, bomba la kurejesha maji hugeuka kuwa mrija wa kunyonya: huyavuta maji ya tangi la juu kuelekea chini mpaka mdomo wake uingie hewa. Maji hayo yote sharti yapate nafasi katika tangi la chini.

Tuchukue tangi la juu lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kila sentimita moja ya kina chake ni lita 6. Ikiwa mdomo wa bomba umezama sentimita 5, lita 30 zitashuka, pamoja na maji yaliyomo ndani ya mabomba. Mdomo huo ukiinuliwa hadi sentimita 2 chini ya uso wa maji, zitashuka lita 12 tu. Mabadiliko hayo madogo hayamgharimu mnunuzi chochote iwapo yatafanywa mapema.

Tuseme tangi la chini lina urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40. Hilo huchukua lita 3.6 kwa kila sentimita ya kina. Lita 30 zitainua maji yake kwa zaidi ya sentimita 8. Kwa hiyo, kina cha kawaida cha maji kisikaribie ukingo. Tunashauri ibaki nafasi inayozidi jibu la hesabu yako kwa sentimita kadhaa. Chora mstari wa kudumu kwenye kioo kuonyesha kina cha juu kinachoruhusiwa pampu inapofanya kazi, na unapoongeza maji usiuvuke.

Baadhi ya wauzaji huwaambia wateja kwamba vali ya njia moja inatosha kuzuia maji yasirudi. Usiitegemee. Mwani, konokono wadogo na ukoko wa chokaa huizuia isifunge sawasawa. Vivyo hivyo, tundu dogo linalotobolewa karibu na mdomo wa bomba ili liingize hewa ni msaada mzuri, lakini huziba lisiposafishwa. Piga hesabu yako kana kwamba vyote viwili havipo.

Hesabu ya pili: bomba linapoziba

Hatari ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Bomba la kushushia likizibwa na mwani au konokono, pampu huendelea kupandisha maji hadi chumba chake kikauke. Chumba cha sentimita 30 kwa 40 chenye maji ya kina cha sentimita 20 kina lita 24. Katika tangi la juu la mfano wetu, lita hizo huinua maji kwa sentimita 4. Pasipokuwa na nafasi hiyo chini ya ukingo, sebule itafurika. Dai pia bomba la pili la dharura, ambalo katika hali ya kawaida halipitishi maji.

Penye umeme unaokatika mara kwa mara, tangi lililotobolewa ni salama kuliko sanduku la kuning'iniza linalovusha maji kwa kunyonya. Mnyonyo wa sanduku hilo ukikatika, pampu huamka umeme urudipo ilhali maji hayana njia ya kushuka. Kumbuka kwamba kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi. Hupasuka vipande vipande.

Mambo ya kukagua dukani

• Lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi la pampu kwa kawaida hupimwa bila kuinua maji. Uliza pampu hutoa kiasi gani katika kimo cha kabati lako.
• Mabomba yawe ya plastiki. Shaba huwaua matumbawe, kamba na konokono.
• Gundi ya silikoni isiwe na dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa viumbe.
• Soketi zikae juu ya kina cha maji na pembeni, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondokee hapo.
• Fundi umeme aweke swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja.
• Pampu ya hewa ya betri iwepo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, viumbe hupungukiwa na oksijeni.

Jaribio kabla ya malipo ya mwisho

Mfumo ujazwe maji ya bomba, bila chumvi wala viumbe. Pampu ifanye kazi mpaka vina vya maji vitulie. Kisha izimwe kwa kuchomoa waya, na wote mtazame hadi maji yaache kushuka. Iwashwe tena, na jaribio lirudiwe mara tatu. Baadaye bomba la kushushia lizibwe kwa makusudi, ili ionekane kama tangi la juu na bomba la dharura vinahimili.

Tunashauri makubaliano ya maandishi yataje vipimo vya matangi yote mawili, aina ya pampu, muda wa dhamana, na kwamba salio hulipwa baada ya jaribio hilo kufaulu. Tunza stakabadhi. Muuzaji anayeiamini kazi yake hatakosa nusu saa ya kuchomoa waya mbele ya mteja wake. Na akikataa, bado una fedha zako mkononi na sakafu yako ni kavu.