RAMADHANI 9: SWAUMU NA MANENO YA KIJIWENI



Mnakumbuka AFCON ya Januari 2024? Tulifungwa 3-0 na Morocco. Siku mbili baadaye TFF ikamsimamisha kocha Adel Amrouche, baada ya CAF kumfungia mechi 8 kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Ulimi tu!

Na sisi je? Kocha akisimamishwa, kijiweni tayari tunajua: "kahongwa huyo", "mlevi yule". Ushahidi hakuna, ila kwenye magrupu tumeshasambaza.

Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu, kisha tukajuta. Na Mtume (s.a.w.) katufundisha: asiyeacha uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Kukosoa kikosi alichopanga, sawa. Kumzulia ni deni. Jirani wa Makanyagio utamfuata umuombe radhi; kocha aliyesharudi kwao utampata wapi?

Zoezi la leo: kabla hujatuma, jiulize, "Nina uhakika?" Huna? Futa.

Allah atuhifadhie ndimi zetu na azikubali funga zetu. Aamin.