Wananchi Walinda Msitu wa Jiji

Msitu wa Karura uko ndani ya jiji la Nairobi, nchini Kenya. Ukubwa wake unazidi hekta 1,000.

Katika miaka ya 1990 watu binafsi waligawiwa sehemu za msitu huo ili wajenge. Wananchi walikataa. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti. Walipigwa, lakini msitu ulipona.

Kulinda msitu si kazi ya siku moja. Sheria ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza misitu. Mwaka 2009 chama cha Karura kiliundwa. Wanachama walishauriana na maofisa wa misitu. Uzio ukajengwa. Vijana wa jirani wakaajiriwa kuwa walinzi.

Je, msitu wenu unatunzwa na nani?