Somo letu: Wanunuzi wawili wa mbao ngumu



Leo tutajifunza kulinganisha. Kulinganisha ni kuweka vitu viwili pamoja na kutazama vinafanana wapi, na vinatofautiana wapi. Tutalinganisha Japani na China, nchi mbili zilizonunua magogo mengi ya mbao ngumu kutoka nchi za nje. Mbao ngumu ni kama mninga, mvule na mkongo.

Kwanza: Japani

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Japani ilijenga upya miji yake. Ilihitaji mbao nyingi. Magogo iliyaagiza kutoka nchi jirani ya Ufilipino, ikayachana katika viwanda vyake na kutengeneza plaiwudi. Misitu ya Ufilipino ilipopungua, wanunuzi walihamia Indonesia. Mwaka 1985 Indonesia ilikataza kabisa kuuza magogo nje. Basi, wanunuzi wakageukia Malaysia. Jimbo la Sabah nalo likafunga mlango mwaka 1993. Baada ya hapo Japani ikanunua magogo machache, na plaiwudi iliyokwisha kutengenezwa huko huko ikawa nyingi zaidi.

Pili: China

Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika. Maelfu ya watu walikufa. Serikali ikaona kwamba ukataji wa miti milimani umeongeza hasara, ikazuia kukata misitu ya asili katika sehemu nyingi. Lakini viwanda vilikuwa bado vinataka mbao. Kwa hiyo China ikaagiza magogo kutoka Burma, Malaysia, Papua Guinea Mpya, Gabon na Msumbiji. Gabon ilikataza kuuza magogo mwaka 2010, na Burma mwaka 2014.

Sasa tulinganishe

Zinafanana wapi? Nchi zote mbili zilipata mbao huku misitu yao ikipumzika. Hata leo misitu imefunika karibu theluthi mbili ya Japani. Tena, mnunuzi aliyefungiwa mlango hapa alikwenda kubisha hodi pale.

Zinatofautiana wapi? Japani ilinunua zaidi Asia, na mbao nyingi ilizitumia yenyewe. China ilifika mpaka Afrika, na sehemu ya mbao ilitengenezwa meza na vitanda, vikauzwa Marekani na Ulaya.

Je, inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana. Mnunuzi huyo alibisha hodi kwetu pia. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa katika mto Rufiji. Daraja lile ni jema, lakini malori ya magogo nayo yalipata njia rahisi kutoka kusini. Watafiti walilinganisha hesabu za mwaka 2005. Waliona kwamba mbao zilizoandikwa China kuwa zimetoka Tanzania zilikuwa mara 10 ya zile zilizoandikwa hapa kwetu. Hebu fikirini: huko waliandika 10, sisi tumeandika 1. Hizo 9 zilipita bila kuandikwa. Aliyekata mti alipata fedha kidogo, na kijiji hakikupata kitu.

Tufanye nini?

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake, kuutunza, na kupata mapato yake. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimefanya hivyo. Basi na sisi tunaojua kusoma tuitumie elimu yetu. Gari likija, tusome kibali. Tuhesabu magogo, tupime, tuandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Kwa nini China ilizuia ukataji wa misitu yake mwaka 1998?
2. Toka mwaka 1985 mpaka 1993 ni miaka mingapi?
3. Kibali kinaruhusu magogo 20. Katika gari mmehesabu 34. Mangapi yamezidi? Mtamwarifu nani?
4. Je, kijiji chenu kina daftari la miti? Lizungumzeni katika mkutano ujao.