SOMO LA MWEZI: TREKTA NDOGO IKIKATAA KUWAKA



Trekta ndogo ya petroli ni msaada mkubwa kwa mwenye shamba la eka mbili tatu. Lakini ikikataa kuwaka wakati mvua ya masika iko karibu, jirani hupanda, nawe hubaki ukivuta kamba. Wengi wakipatwa na shida hii hukimbilia dukani kununua plagi mpya, kisha kabureta mpya, na fedha za mbegu huishia huko. Pengine ubaya ulikuwa tundu dogo tu lililozibwa na vumbi. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze kutafuta ubaya kwa utaratibu. Somo hili ni la injini za zamani zenye silinda moja na mapigo manne, zinazopozwa kwa hewa.

Injini ya mapigo manne ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, na kazi yake haijabadilika. Pistoni huvuta petroli na hewa, huvigandamiza, cheche ya plagi huviwasha, kisha moshi hutolewa nje. Basi injini inahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche, na mgandamizo. Isipowaka, moja kati ya hayo limekosekana.

KABLA YA KUANZA

Fanya kazi nje, si ndani ya banda. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu upesi mahali palipofungwa. Ngoja injini ipoe. Usivute sigara, wala usilete taa ya moto karibu. Kabla ya kugusa majembe ya trekta, vua waya wa plagi.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA

Je, petroli imo tanki, na bilula yake imefunguliwa? Swichi ya kuzimia iko mahali pa kuwashia? Oili imefika alama? Chujio la hewa ni safi? Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika na kuacha utomvu ndani ya kabureta. Imwage mahali pa salama, mbali na kisima, utie mpya.

HATUA YA PILI: FUNGUA PLAGI

Vuta kamba mara tano sita, kisha fungua plagi mara moja uitazame. Plagi itakuambia mengi.

Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika, lakini cheche hakuna, au petroli imezidi. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, hewa ni kidogo. Safisha chujio la hewa, uone pia kama choki inafunguka yote. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu.

HATUA YA TATU: IKIWA PLAGI NI KAVU

Funga bilula, kisha vua mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta. Kinga kwa chupa safi ya kioo, ndipo ufungue bilula. Ikidondoka kidogo tu, chujio au mpira umeziba. Ikitoka vizuri, iache chupa itulie. Maji hukaa chini ya petroli, nawe utayaona. Yakiwapo, safisha tanki na bakuli la kabureta. Kama hakuna maji, ubaya umo ndani ya kabureta. Zibua vitundu vyake kwa kupuliza hewa, si kwa kuchokora na msumari.

HATUA YA NNE: IKIWA PLAGI IMELOWA

Ikaushe, uisugue, na upime nafasi yake. Kwa injini nyingi ndogo ni karibu milimita 0.7. Pangusa petroli yote iliyomwagika na upeleke mkebe wa petroli mbali. Rudisha waya kwenye plagi, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, ukiishika kwa koleo lenye mpira. Mwenzako avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu. Isipoonekana, jaribu plagi nyingine. Bado hakuna? Angalia waya wa swichi ya kuzimia, maana ukichubuka na kugusa chuma, cheche hupotea. Baada ya hapo safisha pointi zilizo chini ya gurudumu la sumaku. Nafasi yake kwa kawaida ni karibu milimita 0.5.

HATUA YA TANO: MGANDAMIZO

Rudisha plagi uikaze, uvute kamba polepole. Kamba yapasa kukataa kidogo. Ikija laini tu, tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, uvute tena. Nguvu ikirudi, ringi za pistoni zimelika. Isiporudi, valvu au gasketi ina ubaya. Hapo mwite fundi, nawe utajua la kumwambia.

INAWAKA, KISHA INAZIMA

Ikizima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tanki. Ikiwaka tena na kuendelea, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Ikiwa sivyo, pima cheche injini ingali moto. Ikiwa imepotea, koili au kondensa imechoka. Toa pia majani yaliyonasa katika mapezi ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: pengine umeijaza kupita alama, pengine ringi zimelika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fanya majaribio haya kabla ya msimu, siyo siku ya kulima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Injini inahitaji mambo gani matatu?
2. Plagi kavu inaonyesha nini?
3. Kwa nini tusiwashe injini ndani ya banda?