SOMO LA MAKANYA: KUTOA INJINI YA PIKAPU KUUKUU BILA YA KUUMIZA MTU

Huenda mwanachama akauliza: injini na karafuu, wapi na wapi? Jawabu ni nyepesi. Karafuu ikishakauka juu ya jamvi hapana budi ifike kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa, na wengi wetu huipeleka kwa pikapu za zamani ambazo zimekwisha choka. Kabla ya msimu kuanza, mwenye gari hutaka injini yake itolewe itazamwe, na aghlabu hutolewa huko huko shambani, chini ya mti, kwa kamba na nguvu za vijana. Sisi wenyewe tulikuwa tukiona jambo hilo si kitu. Sasa hatuoni hivyo tena, na sababu ni yale yaliyotupata Makanya.

Makanya ni mji mdogo wa Wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Reli itokayo Tanga hupita hapo. Ni nchi kavu, ya mkonge na machimbo ya jasi. Tulikuwa wajumbe watano, tumeshuka kutoka milimani ambako tulikwenda kutazama kilimo cha tangawizi, na pikapu tuliyoikodi ikakwisha klachi. Fundi wa pale, mtu mzima na mpole, akasema njia nyepesi ya kuifikia klachi ya gari ile ni kutoa injini, lakini winchi yake ya mnyororo imeazimwa na itarudi jioni.

Nasi tulikuwa na meli ya kuwahi. Tukamshikilia: "Fundi, mwarobaini huu hapa na kamba ya katani ipo. Vijana hawa hawashindwi." Akatutazama kitambo, kisha akakubali, kwa kutuheshimu sisi wageni.

Injini ikapanda kadiri ya shibiri moja. Tawi likalia mara moja tu, likavunjika. Injini ikarudi chini kwa kishindo, na bakuli lake la oili likapasuka. Kijana aliyekuwa akiiongoza, mkono wake ulikuwa mahali pale pale dakika ile. Alikuwa ameuondoa ili afute jasho. Hakuuondoa kwa tahadhari, ndugu zetu. Aliuondoa ili afute jasho.

Fundi hakutukaripia. Alisema tu, "Mabwana, injini haijui kwamba mna meli." Jioni winchi ikaja, akaitoa injini kwa utaratibu, nasi tukakaa chini kujifunza. Bakuli la oili tulililipa sisi, maana kosa lilikuwa letu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. UJUE UZITO. Injini ya dizeli ya silinda 4 ya pikapu ya zamani, pamoja na vifaa vyake, aghlabu hukaribia kilo 200. Kwa kipimo cha wazee wetu ni kama frasila 12 na nusu. Ikitolewa pamoja na giaboksi huzidi. Hapana mtu awezaye kuudaka uzito huo ukianguka, wala asijaribu.

2. PA KUTUNDIKIA. Tawi la mti halina alama ya kuonyesha litachukua kilo ngapi, na ndani yake huenda limeliwa na mchwa. Mkarafuu ndio usiofaa kabisa. Kila mchumaji ajua kuwa matawi yake ni mepesi kuvunjika na humwangusha mtu, sembuse injini. Boriti ya banda nayo ilijengwa kuchukua paa. Kinachofaa ni miguu mitatu ya mabomba mazito ya chuma, iliyofungwa kwa bolti juu. Chini ya kila mguu tia ubao mnene ili usizame, kisha ifunge miguu yote mitatu kwa mnyororo karibu na ardhi ili isitanuke. Ardhi iwe ngumu na sawa.

3. WINCHI, WALA SI KAMBA YA KUVUTWA. Watu wanne wakivuta kamba juu ya kapi, mmoja akiteleza, uzito wote huwarudia watatu, nao huachia. Winchi ya mnyororo ina breki ndani yake. Ukiacha kuvuta, mzigo husimama ulipo. Itakayotufaa ni ya tani 1. Kabla ya kazi tazama ndoana: kama mdomo wake umefunguka, au ule ulimi wa kuzuia mnyororo usichomoke haupo, usiitumie. Tazama pete za mnyororo moja moja. Kamba ya katani au ya usumba hufaa kwa kazi nyingi, lakini mvua huiozesha kwa ndani huku nje yaonekana nzima.

4. KUTAYARISHA GARI. Acha injini ipoe. Kwanza ondoa waya wa betri wa upande hasi, kisha wa upande chanya, ili pasitoke cheche. Mwaga maji ya rejeta na oili ndani ya vyombo, wala si ardhini karibu na kisima. Ziba bomba la mafuta. Toa boneti, rejeta na feni. Kila waya na kila mpira unaoufungua, ufunge kijikaratasi chenye nambari. Atakayerudisha atakuombea dua. Tia kabari magurudumu yote. Kama giaboksi itabaki garini, iwekee jeki na ubao chini yake kabla hujaitenga na injini, ama sivyo itaning'inia.

5. KUFUNGA MNYORORO. Injini ina masikio ya kunyanyulia. Katika gari kuukuu huenda yamepotea. Basi tafuta bolti nene zinazoingia kwa urefu wa kutosha katika chuma chenyewe cha injini. Usifunge kwenye kifuniko cha juu, wala kwenye mabomba ya hewa, wala kuzunguka bakuli la oili. Tena angalia pembe ya mnyororo. Pande zake mbili zikisimama karibu wima, kila upande huchukua nusu ya mzigo, yaani kilo 100. Zikitanuka hata kufanya pembe mraba, kila upande huchukua kilo 141. Zikitanuka hata digrii 120, kila upande huchukua kilo 200 nzima. Kwa hiyo mnyororo mfupi uliotandazwa ni hatari kuliko mrefu, japokuwa ni mnyororo ule ule.

6. KUNYANYUA. Amri itoke kwa mtu mmoja. Lakini neno "Simama!" ni ruhusa kwa yeyote kulisema, hata mtoto, na likisemwa kazi isimame. Vuta kwanza hata mnyororo ukaze, ndipo ufungue bolti za mipira inayoshikilia injini. Pandisha vidole vitatu tu, kisha simama utazame pande zote: aghlabu kuna waya mmoja au bomba moja lililosahauliwa. Ukiona injini imekwama, usiongeze nguvu, tafuta kinachoizuia. Mtu asiingie chini yake, wala asitie mkono kati ya injini na gari. Kuiongoza, tumia kipande cha mti. Ikishapita juu ya mbele ya gari, usiisukume injini. Ondoa kabari, na gari ndilo lirudishwe nyuma polepole. Kisha shusha injini mara moja juu ya gogo au tairi kuukuu. Usiiache ikining'inia ukaenda kunywa chai.

Yote haya yalimchukua fundi wa Makanya muda mchache, hata tukaona haya. Haraka yetu ya asubuhi ilitupotezea siku nzima na fedha. Meli ilituacha. Lakini yule kijana alitushika mikono yetu kutuaga kwa mkono wake mzima, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo kuliko kuwahi.

Wapo watakaosema, "Ajali haina kinga." Ajali isiyo kinga ni ile usiyoweza kuijua. Tawi bovu na kamba iliyooza twavijua. Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kutia kabari gurudumu.

MASWALI YA KUJIPIMA
(a) Kwa nini mkarafuu haufai kutundikia injini?
(b) Mnyororo wa pande mbili ukitanuka digrii 120, kila upande huchukua kiasi gani cha injini ya kilo 200?
(c) Nani ana ruhusa ya kusema "Simama!"?

Winchi moja na miguu mitatu ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa chama. Kamati italeta shauri katika mkutano mkuu kwamba tununue vya kuazimana, kila tawi kwa zamu yake. Mwanachama mwenye maoni na aje nayo. Hata hapo, tafadhali, injini iliyo garini na ikae garini.

Wenu katika kazi,
KATIBU