Maji laini, chujio gani?

SWALI: Maji ya bomba hapa Tunduma hutoa povu upesi na birika halina utando wa chokaa. Muuzaji ananihimiza ninunue mashine ya kulainisha maji. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usiinunue. Mashine hiyo huondoa kalsiamu na magnesiamu, ambazo kwenye maji yako ni kidogo, wala haiui vijidudu. Maji laini si lazima yawe salama. Yakinge kwenye glasi: yakiwa na tope, hasa msimu wa mvua, weka chujio la mashapo. Harufu ya klorini huondolewa na chujio la kaboni. Chujio la kauri la mikroni 0.2 huzuia bakteria, si virusi. Maji ya kunywa yachemshe, yatokote dakika moja. Yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, mikono isiyachafue upya.